Alfajiri ya Uongo Juu ya Ziwa

Dagaa hutaka giza. Mwezi ukijaa, mitumbwi hupumzika mwaloni, nyavu huanikwa na kuzibwa matundu, na vijana hulala usiku kama watu wengine. Mwezi ukipungua, Ziwa Victoria hugeuka mji: karabai, na siku hizi taa za sola, hujipanga juu ya maji kutoka Kayenze hadi Ukerewe, nyingi kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ng'ambo ile kuna barabara. Usiku mmoja wa giza kama huo nilikuwa ndani ya mtumbwi katika Ghuba ya Speke, abiria asiye na kazi ila kutazama. Kiasi cha saa 10 alfajiri nikaona weupe upande wa mashariki. Ulikuwa umesimama wima, umeegemea kidogo, mpana chini na mwembamba juu, ukipanda kutoka majini hadi karibu nusu ya anga. Nikamwambia mzee aliyekaa nyuma kwenye injini kwamba kunakucha.

"Bado, mwanangu," akasema. "Huo wa uongo. Wa kweli hulala, huo umesimama."

Akarudi kwenye kamba zake. Haukupita muda mrefu, alfajiri ya kweli ikaja kama alivyosema: mstari wa weupe uliolala juu ya maji, ukatanuka kushoto na kulia, na ule mnara ukamezwa.

Mzee alikuwa anatumia elimu ya zamani sana. Waislamu wa Pwani, na wale waliofuata njia za misafara hadi bara, wanautambua mwanga huo kwa jina la alfajiri ya uongo, au alfajiri kadhibu kwa wanaoshika Kiarabu, nao una hukumu yake katika ibada. Anayekusudia kufunga Ramadhani haachi kula daku kwa kuona weupe uliosimama, wala Swala ya Alfajiri haiingii kwa weupe huo. Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Kwa zaidi ya miaka 1,300 watu wametoka nje ya nyumba zao gizani, wakatazama mashariki, wakaamua: huu umesimama au umelala? Leo ratiba za swala huchapishwa kwenye karatasi na kwenye simu, na ni wachache wanaotoka kutazama. Mvuvi wa dagaa bado yuko nje, atake asitake.

Na yuko mahali pazuri kuliko watu wengi duniani. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta. Hapa ile njia ambayo jua, mwezi na sayari hupita angani husimama karibu wima juu ya upeo wa macho kwa sehemu kubwa ya mwaka, wakati Ulaya njia hiyo huinama na kujificha kwenye ukungu wa chini. Mwanga wa uongo hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kwetu husimama kama mnara, na jioni, baada ya wekundu wa magharibi kwisha, huonekana tena upande wa Sengerema, ukielekea chini kule jua lilikozama.

Huko Paris, Giovanni Domenico Cassini alianza kuufuatilia mwaka 1683, akahisi kwamba unatokana na chembe nyingi ndogo zinazolizunguka jua. Alikuwa sahihi. Mwanga ule ni jua lenyewe, jua ambalo bado liko chini ya upeo wa macho, likiangaza vumbi lililotandaa kati ya sayari. Ni vumbi jembamba kuliko tunavyoweza kufikiri: punje moja na nyingine zinaweza kutengana kwa kilomita kadhaa, na punje yenyewe mara nyingi ni ndogo kuliko ya unga wa sembe. Lingekusanywa lote likafinyangwa, lingetoa mlima mmoja wa kipenyo cha kilomita 20 hivi, mwendo wa kutoka Mwanza mjini hadi njia panda ya Usagara. Lakini limetawanywa mahali pakubwa mno, na jua lina nguvu, basi linaonekana.

Swali lililowasumbua wanajimu lilikuwa hili: kwa nini vumbi hilo bado lipo?

Kila mwendesha bodaboda wa Mwanza anajua sehemu ya jibu. Manyunyu yakishuka wima na wewe umesimama, yanakupiga kichwani. Ukiondoka kwa kasi, manyunyu yale yale yanakupiga usoni, yanakupunguza mwendo. Chembe ya vumbi inayolizunguka jua inakimbia ndani ya manyunyu ya mwanga. Mwanga unatoka jua moja kwa moja, lakini kwa kuwa chembe iko mbioni, unaipiga kidogo kutoka mbele. Kila pigo ni dogo sana, mapigo hayakomi. Chembe inapoteza mwendo, mzunguko wake unapungua, inakwenda ikilisogelea jua kama maji yanavyozunguka kuelekea tundu la beseni. John Henry Poynting alilieleza jambo hili mwaka 1903, na mwaka 1937 Howard Robertson akalisahihisha kwa hesabu za uhusianifu. Chembe iliyotoka ng'ambo ya Mirihi hulifikia jua baada ya miaka elfu kumi na zaidi, pengine laki moja, kutegemea ukubwa wake. Zile ndogo zaidi, chini ya maikroni moja, hazingoji hata hayo: msukumo wa mwanga huzipeperusha nje kabisa.

Mfumo wa jua una umri wa miaka bilioni 4.56. Vumbi linalokwisha ndani ya laki moja lingekuwa limekwisha zamani. Kwa hiyo kuna mahali linakotengenezwa, na linatengenezwa hata sasa.

Mahali pamoja palijulikana tangu usiku wa kwanza wa karne ya kumi na tisa. Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi akiwa Palermo aliona nukta iliyokuwa ikihama kati ya nyota. Ilikuwa Ceres, ya kwanza katika kundi ambalo leo tunaliita asteroidi, mawe na vyuma vinavyozunguka jua, vingi vyake kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka uliofuata Heinrich Olbers akaiona ya pili, Pallas, akaja na wazo la ujasiri: labda hivi ni vipande vya sayari moja iliyovunjika. Sayari hiyo haikuwahi kuwapo. Asteroidi zote zikiunganishwa hazifikii hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi wetu. Lakini neno "kuvunjika" lilikuwa limeshatamkwa, nalo ndilo lililobaki na maana.

Aliyelishika vizuri ni Mjapani Kiyotsugu Hirayama. Mwaka 1918 alizipanga asteroidi zilizojulikana kwa jinsi zinavyozunguka, akaona kwamba baadhi zimefungana kama watoto wa mama mmoja: njia zao zinafanana mno kuwa bahati tu. Akaziita familia, akataja tatu za kwanza, Koronis, Eos na Themis, na akasema kila familia ni mabaki ya mwili mmoja uliopasuka. Napenda kwamba alichagua neno familia. Mtaalamu mwingine angesema kundi, au fungu. Familia inadai ukoo, na ukoo unadai asili.

Asteroidi mbili zikigongana, mwendo wa kati yake ni kiasi cha kilomita 5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mtu angetoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, chini ya dakika 3. Mwamba ukipigwa hivyo hauchubuki, unasambaratika. Vipande vikubwa vinabaki na mvutano wao, vingine vinajikusanya upya kuwa rundo la kifusi, na vilivyobaki vinaendelea kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, kikubwa kikizaa vidogo na vidogo vikizaa vidogo zaidi, kama mawe kwenye kinu cha kokoto, hadi kufikia unga. Unga huo ndio mmoja wa wazazi wa mwanga wa uongo.

Baadhi ya vipande vilivyogoma kuwa unga vimefika kwetu.

Malampaka ni kituo cha reli wilayani Maswa, kati ya Shinyanga na Mwanza, mahali panapojulikana kwa mchele. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Miaka miwili baadaye, Septemba 1930, jiwe lilianguka Malampaka kutoka angani. Kilichohifadhiwa kina uzito wa gramu 470, kama paketi ya chumvi ya nusu kilo iliyopunjwa kidogo. Mawe ya namna hii hupewa jina la mahali yalipoanguka, kwa hiyo katika orodha ya kimataifa, pamoja na majina ya miji mikubwa ya Ulaya na Asia, limeandikwa Malampaka. Ni kondraiti, jiwe lililojengwa kwa vitone vidogo vilivyoganda wakati mfumo wa jua unaanza, kabla Dunia haijakamilika. Ni la aina ya H, yenye chuma kingi, chuma kisicho na kutu kilichotapakaa ndani ya jiwe kama punje za mtama.

Nimepita Malampaka mara nyingi kwa gari moshi, nimenunua mchele dirishani, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja jiwe lile. Ningependa mtoto wa Malampaka akue akijua kwamba jina la kwao limeandikwa katika historia ya anga, kama anavyojua bei ya gunia.

Mwaka huo huo wa 1930, kusini kabisa, mpima ardhi William Nott alitoa habari kwa walimwengu juu ya chuma kikubwa kilicholala Mbozi, ambacho wenyeji walikuwa nacho siku zote. Ni kipande cha zaidi ya mita 3, cha takriban tani 16, na mpaka leo wasafiri wa barabara ya Tunduma huchepuka kwenda kukigusa. Chuma cha namna hiyo hakiumbiki juu ya uso wa jiwe dogo. Kinatengenezwa ndani, mahali joto lilipoyeyusha kila kitu na chuma kikazama katikati. Ili Mbozi iwe na kimondo chake, ilibidi mwili mzima upasuliwe hadi kiini kikatokeza nje.

Kabla ya hayo, tarehe 24 Oktoba 1899, lilianguka jiwe Peramiho, karibu na misheni ya Wabenediktini iliyokuwa haijatimiza hata miaka miwili. Ni gramu 165 tu. Linafanana na lava, kwa sababu ni lava, ila haikutoka Rungwe wala Oldoinyo Lengai. Mawe ya aina yake yanahusishwa na asteroidi Vesta, na chombo cha Dawn kilipoizunguka Vesta mwaka 2011 na 2012 kilikuta kusini mwake shimo la mgongano lenye upana wa kilomita 500 hivi. Ni kama kutoka Mwanza hadi Dodoma kwa njia ya ndege, kwenye mwili ambao wenyewe una kipenyo cha kilomita 525 tu.

Pwani, watu waliona vimondo wakasema ni vijinga vya moto wanavyorushiwa mashetani wanaosikiliza siri za mbinguni. Sitaki kuidharau imani hiyo. Ilikuwa na jambo moja ambalo wataalamu wa Ulaya walilikataa hadi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa: kwamba vitu vizito, vya kushikika, vinaweza kweli kurushwa huko juu vikaja huku chini.

Mwaka 1983 ndipo vumbi na familia za Hirayama zilipokutana. Satelaiti ya IRAS, ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilitumia miezi kumi kulitazama anga kwa mionzi ya joto badala ya mwanga wa kawaida. Vumbi likipashwa na jua hutoa joto, na kwa macho hayo anga lote la sayari lilikuwa linawaka. Ndani ya lile wingu laini, timu ya Frank Low iliona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: mikanda. Mistari ya vumbi zito kidogo kuliko jirani zake, ikizunguka jua lote sambamba, jozi kwa jozi, juu na chini ya njia ya sayari. Vumbi la jumla lisingejipanga hivyo. Kila jozi ilitaka chanzo chake, mwili uliokuwa ukizunguka kwa mwinamo fulani, ukavunjwa, na unga wake ukaendelea kushika mwinamo ule ule.

Ilichukua miaka karibu 20 kumtambua mvunjwaji mmoja kwa uhakika. David Nesvorný na wenzake, mwaka 2002, waliichukua familia changa ya Karin iliyo ndani ya ukoo wa Koronis, wakazirudisha nyuma njia zake kwa kompyuta, mwaka baada ya mwaka. Ukirudisha nyuma kiasi cha miaka milioni 5.8, njia zote zinageukia upande mmoja. Hiyo ndiyo siku mwamba wa kilomita 30 hivi ulipopigwa. Siku! Tumezoea kusikia anga likihesabiwa kwa mabilioni, na hapa kuna ajali yenye tarehe.

Hebu tuiweke tarehe hiyo nyumbani. Ziwa Victoria halikuwapo. Lina umri wa miaka laki 4 tu au zaidi kidogo. Lakini katika Milima ya Tugen, Baringo, kwenye tabaka za miaka milioni 6 hivi, yalichimbwa mwaka 2000 mabaki ya Orrorin, mmoja wa viumbe wa kale kabisa wanaodhaniwa kutembea kwa miguu miwili. Karin ilipovunjika, jamaa wa Orrorin walikuwa katika misitu ya ukanda huu. Vumbi lilipotawanyika, katika makumi ya maelfu ya miaka yaliyofuata, huenda anga lao la kabla ya alfajiri liling'aa kuliko letu.

Kuna ajali nyingine, ya familia ya Veritas, miaka milioni 8.3 iliyopita, ambayo iliacha alama hata hapa Dunia. Kenneth Farley na wenzake walipima aina adimu ya heliamu, heliamu-3, ambayo vumbi la anga huinyonya kutoka jua na kuja nayo. Katika matope ya chini ya bahari ya miaka milioni 8.2 iliyopita, heliamu hiyo inapanda ghafla hadi mara nne, kisha inashuka polepole kwa miaka milioni moja na nusu. Tope la bahari liliweka daftari la kifusi kilichovunjika ng'ambo ya Mirihi.

Sasa nirudi kwenye mawe, maana hapa ndipo mwambao na ziwa vinapoungana. Tarehe 6 Machi 1853 lilianguka jiwe katika nchi ya Waduruma, nyuma ya Mombasa. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana wa saa 9 na ushei, anga la Mbale, mashariki ya Uganda, lilipasuka kwa mngurumo, na mawe yakanyesha mjini na mashambani. Kipande cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya migomba, yakakipunguzia kasi, kikampiga kijana kichwani. Hakuumia. Tarehe 16 Julai 2011 yakaanguka mawe Thika. Duruma, Mbale na Thika ni ya aina moja, kondraiti za L, zenye chuma kidogo kuliko Malampaka.

Kondraiti za L zina kovu. Nyingi zina dalili za kupigwa vibaya kiasi cha miaka milioni 470 iliyopita, na katika machimbo ya chokaa ya Thorsberg, Uswidi, mawe ya angani ya wakati ule ule yamekutwa yamegeuka visukuku ndani ya sakafu ya bahari ya kale, mengi mno kuliko kawaida. Mwaka 2019, Birger Schmitz na wenzake waliandika kwamba vumbi la ajali ile lilikuwa jingi kiasi cha kuzuia jua na kuisukuma Dunia kwenye zama za barafu. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na naiona ina nguvu, ingawa wapo wanaohesabu sababu nyingine za baridi ile.

Mwathirika alikuwa nani? Mwaka 2024 yalitoka majibu, na kwa kondraiti za L jina lililotajwa ni Massalia, asteroidi ya kilomita 140 hivi, iliyopigwa wakati ule wa kale na kupigwa tena miaka kama milioni 40 iliyopita. Mgongano huu wa pili ndio unaotuletea mawe leo, na mmoja wa mikanda ya vumbi unalandana na mwinamo wake. Kwa aina ya H, ile ya Malampaka, lawama kubwa iliangukia Karin na ukoo wake wa Koronis. Massalia iligunduliwa na Annibale de Gasparis huko Napoli mwezi Septemba 1852. Nusu mwaka baadaye likaanguka jiwe la Duruma. Hakuna mtu duniani aliyeweza kujua kwamba nukta iliyotoka kuonekana Italia na jiwe lililotoka kuokotwa nyuma ya Mombasa huenda ni mama na mwana.

Ivuna naitaja peke yake. Ni kijiji cha chumvi karibu na Ziwa Rukwa. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka pale jiwe jeusi, jepesi, lenye kuvunjika kwa kidole, la gramu 705. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa katika madini, kaboni, na mchanganyiko wa elementi unaokaribiana na wa jua lenyewe, ukiondoa gesi. Mawe kama hayo yaliyoshuhudiwa yakianguka hayazidi vidole vya mikono miwili, na aina nzima imepewa jina la kijiji chetu: kila mwanafunzi wa sayansi ya mawe ya angani, awe Tokyo au Houston, hutamka neno Ivuna. Tarehe 6 Desemba 2020 chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilirudisha gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu. Ryugu ni rundo la kifusi, mabaki ya mwili mkubwa uliovunjwa na kujikusanya upya. Walipoupima ule udongo, walisema unafanana na Ivuna.

Ni haki kusema kwamba asteroidi hazidai vumbi lote. Hesabu za Nesvorný za mwaka 2010 zinaupa upande wa nyota zenye mkia, hasa zile zinazotawaliwa na Mshtarii, sehemu kubwa ya lile wingu. Mikanda ni ya migongano. Ukungu uliobaki ni mchanganyiko. Mmoja wa waliopima mwendo wa vumbi hilo ni Brian May, aliyeanza utafiti wake Imperial College, London, mwaka 1970, akauacha kwa ajili ya gitaa, akaumaliza mwaka 2007. Katika miaka ile ya katikati alipiga gitaa nyuma ya sauti ya Farrokh Bulsara, mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana ulimwenguni kama Freddie Mercury. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba, katika historia ya mwanga huu pia, Unguja imo.

Migongano nayo imeacha kuwa nadharia. Mwishoni mwa mwaka 2010 asteroidi Scheila ilionekana ghafla imevaa mawingu. Jiwe la mita 35 hivi lilikuwa limeipiga. Kisha binadamu akafanya mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa 8 na dakika 14 kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha Marekani kiitwacho DART, cha kilo 580 hivi, kilijigongesha makusudi kwenye Dimorphos, jiwe la upana wa mita 160, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde. Kwetu ulikuwa usiku wa manane, na jiwe lile lilikuwa juu ya upeo wetu. Darubini ndogo za watazamaji wa kujitolea, kutoka Reunion na kutoka Nairobi, ziliiona nukta ikiwaka na kutoa vumbi wakati ule ule wa kugongwa. Muda wa Dimorphos kulizunguka jiwe mwenzake ulipungua kwa dakika 33. Baada ya siku chache mkia wa vumbi ulikuwa umefika zaidi ya kilomita 10,000.

Na sisi tunapata fungu letu. Kwa vipimo vya vumbi lililokusanywa kwenye theluji ya Antaktika, zaidi ya tani 5,000 za chembe hizi hutua duniani kila mwaka. Nimegawa kwa eneo la ziwa letu, kilomita za mraba 68,800. Inatoka kiasi cha kilo 700 kwa mwaka, magunia 7 ya kilo mia mia yaliyomwagwa kwa punje moja moja kutoka Bukoba hadi Kisumu. Ziwa lilikauka wakati wa barafu, likajaa upya miaka kama 15,000 iliyopita. Kama kasi haikubadilika, chini ya maji yale kuna zaidi ya tani 10,000, zimechanganyika na tope, magamba ya furu na chavua.

Nimejaribu kuitafuta punje yangu. Mnorwe Jon Larsen, naye mwanamuziki, alizipata kwenye mapaa ya Oslo. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kitambaa, nikaipitisha kwenye mchanga uliojikusanya katika mfereji wa paa la bati baada ya mvua za masika. Ilitoka imeota ndevu nyeusi. Chini ya hadubini, nyingi zilikuwa chembe za pembe kali, zilizomomonyoka kutoka miamba ya Mwanza yenyewe, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Nyingine zilikuwa mviringo, zinang'aa, na moyo ukanipiga, mpaka nilipokumbuka karakana ya kuchomelea mageti iliyo ng'ambo ya barabara: cheche zikipoa hewani huwa vitone vilivyo laini hivyo hivyo. Moja tu ilikuwa na uso wenye mistari myembamba kama kamba zilizosokotwa, alama ambayo Larsen alifundisha kuitafuta. Nimeiweka kwenye kichupa cha dawa, na sitaipa jina hadi ipimwe.

Nilimrudia yule mzee, safari ile ikiwa siku za giza za mwezi Oktoba. Nyavu zilikuwa zimeshapandishwa, dagaa wanameta ndani ya mtumbwi, na mnara mweupe ulikuwa umesimama pale pale. Nikamweleza: ni vumbi, limetandaa kwenye njia ya sayari, na kwetu njia hiyo husimama, ndiyo maana nao umesimama. Akauliza kama vumbi hilo hukaa huko milele. Nikamwambia hapana, huanguka juani, jingine huanguka huku. Akanyamaza, akafikiri.

"Kama linakwisha na bado tunaliona," akasema, "basi huko juu kuna kitu kinaendelea kuvunjika."

Akamwambia kijana azime taa. Tukautazama pamoja, hadi ule wa kweli ulipolala juu ya maji.